Mama Akiwa Ugenini na Siku Zake Zinakwisha



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji watukufu, safu yetu ya juma hili inajibu barua iliyotoka mbali na mwambao. Imetoka Kisian, magharibi ya Kisumu, pale njia inapogawanyika, moja ikielekea Maseno na Busia na nyingine ikielekea Bondo. Aliyetuandikia ni mke wa mtoto wa mwisho katika nyumba moja ya Kiislamu huko. Tumeiweka barua yake hapa kwa idhini yake, bila majina, kwa kuwa swali lake ni la nyumba nyingi, za kando ya Ziwa na za kwetu Pwani pia. Siku hizi ni nadra mtaa usiokuwa na mtoto ng'ambo, na mtoto akishajifungua huko, wa kwanza kuitwa ni mama.

Kwa ufupi, kisa ni hiki. Mama mkwe wake, mjane aliyepita miaka sitini, alikwenda Marekani kumtazama binti yake aliyejifungua. Binti huyo ni muuguzi, na mumewe naye hufanya kazi ya zamu. Mama alipofika uwanja wa ndege alipewa miezi sita ya kukaa. Minne imekwisha. Sasa binti amewaarifu nduguze kwamba Mama hatarudi mwaka huu, kwani viza iliyo katika pasi yake bado ina miaka mbele. Ndugu wa kiume wamekubali na wamefurahi. Aliye na wasiwasi ni huyu mkwe peke yake, kwa mambo mawili. La kwanza, amesikia kwamba muda wa viza na muda wa kukaa si kitu kimoja. La pili, Mama humpigia simu yeye, kwetu ikiwa asubuhi na kwao bado usiku, akauliza kama mvua imeshika, nani anamkamua ng'ombe, na nani analala katika nyumba yake. Kisha hushusha sauti na kusema kwamba amechoka na anataka kwake, na kwamba asiambiwe mtu.

Mwandishi anauliza: "Je, kukaa kupita siku alizopewa ni haramu hata kama ni kwa ajili ya mjukuu? Na mimi nikisema nitakuwa nimeivunja nyumba. Nikinyamaza nitakuwa nimefanya nini?"

Tutajibu kwa utaratibu. Tutaanza na hesabu ya siku, tufuate na hukumu ya ahadi, kisha haki ya Mama mwenyewe, na mwisho njia ya mkwe huyu katika kusema.

Ama hesabu ya siku, hapa ndipo familia nyingi hupotea. Sisi Waswahili tunajua tofauti ya hodi na karibu. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kupiga hodi. Yaweza kuwa ya mwaka mmoja, mitano au kumi, na muda huo wote una haki ya kupiga hodi. Lakini mwenye nyumba akishakukaribisha, ni yeye anayekuambia utakaa hadi lini, na siku hiyo ndiyo mpaka wako. Kwa mgeni anayeingia Marekani kwa ndege, afisa wa mpakani huandika tarehe ya mwisho katika kumbukumbu iitwayo I-94, nayo husomwa kwa intaneti kwa kutumia namba ya pasi. Tarehe hiyo ndiyo inayomfunga Mama. Miaka iliyobaki katika viza haimwongezei hata siku moja.

Basi jambo la kwanza la kufanywa na binti ni kuifungua kumbukumbu hiyo usiku wa leo, aisome tarehe, na awatumie nduguze. Huo ndio msingi wa mazungumzo yote yatakayofuata.

Kuongeza muda si jambo lisilowezekana. Sheria ya Marekani inampa mgeni nafasi ya kuomba kwa fomu iitwayo I-539, aeleze sababu ya kutaka kubaki, aonyeshe atakavyojikimu bila ya kufanya kazi, na athibitishe kwamba ana kwao na atarudi. Ombi hilo sharti lipokewe kabla ya tarehe ya I-94 kupita, na idara inayohusika hushauri lipelekwe angalau siku 45 kabla. Kwa Mama wa Kisian, aliyebakiwa na miezi miwili, maana yake ni kwamba zimebaki takriban siku 15 za kuamua kwa utulivu. Ombi likipelekwa kwa wakati na kwa haki, siku za kungoja jibu hazihesabiwi kuwa ni za kukaa kinyume cha sheria. Jibu likiwa la kukataa, na tarehe ya awali imekwisha pita, mgeni hana budi kuondoka mara moja.

Na asiyeomba, akakaa tu? Viza yake hubatilika tangu siku ya kwanza aliyozidisha. Akizidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hufungiwa mlango miaka 3. Akifikisha mwaka mzima au zaidi, hufungiwa miaka 10. Kwa kijana, miaka 10 ni adhabu. Kwa mama aliyepita sitini, yaweza kuwa ndiyo kuagana na wajukuu wale hapa duniani.

Nchi nyingine zina taratibu zao, na wasomaji wetu wana watoto kote. Uingereza humpa mzazi mgeni miezi 6 kwa kila ziara, na viza ya miaka 2, 5 au 10 haibadilishi kanuni hiyo. Huko muda wa mgeni hauongezwi kupita miezi 6 ila kwa sababu chache, kama matibabu. Na ile njia ya kumhamishia mzazi huko moja kwa moja imebanwa sana tangu Julai 2012. Ni lazima aombe akiwa nje ya Uingereza, na athibitishe kwamba anahitaji kuhudumiwa katika mambo yake ya kila siku, na kwamba huduma hiyo haipatikani kwao. Kanada ndiyo iliyopanua mlango. Ina viza maalumu ya wazazi na mababu, na tangu Julai 2022 anayeingia nayo huweza kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Masharti yake ni kwamba mtoto awe na kipato kilichowekwa, mzazi apimwe afya, na awe na bima ya matibabu ya angalau mwaka mmoja isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Katika Falme za Kiarabu, aliyezidisha hutozwa faini kwa kila siku. Kwa hiyo shauri la jirani aliyemkalisha mama yake Toronto si shauri la aliye na mama yake London.

Sasa tuje katika hukumu. Wako wanaosema: hizo ni sheria za watu, nasi tunamhudumia mama, na kumtendea wema mama ni amri ya Mwenyezi Mungu. Maneno haya nusu yake ni haki. Wema kwa wazazi umetajwa katika Suratul Israa mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mola peke yake, na hakuna Mwislamu anayelibisha hilo. Lakini aya ya mwanzo ya Suratul Maida nayo inaamrisha kutimiza mikataba, na Mola aliyeamrisha hili ndiye aliyeamrisha lile. Hatuwezi kuishika amri moja kwa kuivunja nyingine ilhali iko njia ya kuzitimiza zote mbili.

Mafakihi wetu tangu zamani wameandika juu ya amani, yaani dhamana anayopewa mtu aingie katika nchi ya watu wengine. Wamesema kwamba aliyeingia kwa dhamana amefungwa na masharti yake, na si halali kwake kuwafanyia hiyana waliomwamini, hata kama si wa dini yake. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiona viza kuwa ni dhamana ya namna hiyo hiyo. Mama aliomba, akaulizwa, akajibu kwamba anakwenda kutembea na atarudi, akapewa. Neno lake limeandikwa.

Na tukumbuke kisa cha Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Walikamatwa njiani na makureshi wakielekea Madina, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume. Vita vya Badri vilikuwa vimekaribia, na Waislamu walikuwa wachache. Walipofika wakamweleza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, naye akawaamuru waondoke na waitimize ahadi waliyowapa watu wale. Ikiwa ahadi iliyotolewa kwa adui, na siku ya haja kama ile, ilitimizwa, vipi ahadi iliyotolewa kwa hiari, kwa nchi inayomlipa binti mshahara na iliyompokea Mama kwa wema?

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni hili. Kuomba kuongezewa muda kwa ukweli na kabla ya tarehe ni halali isiyo na shaka. Kukaa tu baada ya tarehe kupita, kwa kutegemea kwamba hakuna anayehesabu, hakufai. Na kuandika katika fomu ugonjwa ambao haupo ni uongo, ijapokuwa wakala ndiye aliyeuandika. Aliye mgonjwa kweli, au aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, huyo ana udhuru, na aueleze udhuru wake mapema kwa wanaohusika.

Tena tutazame hali ya mama aliyekalishwa bila ya ruhusa. Akiugua huogopa kwenda hospitali. Bima, kama ilikuwapo, imekwisha. Akifiwa na dada yake nyumbani, hawezi kuja kumzika, kwani akitoka harudi. Basi hukaa dirishani katika nchi ya baridi, huku kwao matanga yanakalishwa bila ya yeye. Alikwenda akiwa mgeni mwenye heshima, na watoto wake, kwa mapenzi, wamemfanya mtu wa kujificha.

Hapa tunafika katika jambo lililotugusa zaidi katika barua hii. Binti amesema, ndugu wa kiume wamesema, viza imesomwa na kusomwa tena. Aliyeulizwa nani? Katika barua nzima hatukuona mahali ambapo Mama aliulizwa anataka nini.

Wazazi wetu, hasa akina mama, wana staha. Mama hawezi kumwambia binti aliyelala saa tatu, anayetoka zamu akiwa na maziwa yamemjaa kifuani, kwamba yeye anataka kwenda kwake. Atasema "hamna neno, mwanangu." Basi watoto huichukua ile "hamna neno" wakaifanya ni ridhaa. Mara nyingi si ridhaa. Ni huruma ya mzazi, na huruma hiyo imetumiwa.

Tumwangalie Uways al-Qarani wa Yemen. Aliishi zama za Mtume, akaamini, wala hakuwahi kumwona, na wanavyuoni wameeleza kwamba kilichomzuia ni kumhudumia mama yake. Yeye ndiye aliyekaa mahali alipokuwapo mama. Hatusemi kwamba kila aliye ng'ambo arudi. Riziki ina njia zake, na nyumba nyingi za Kisian na za Likoni zinasimama kwa fedha za mabinti kama huyu. Tunasema tu kwamba wema kwa mama hupimwa kwa haja ya mama, na mtoto asichanganye haja yake na haja ya mzazi wake.

Wala tusimhukumu binti. Mwenye mtoto mchanga, kazi ya usiku, na gharama za kulelewa mtoto zinazokula nusu ya mshahara, anastahiki kuonewa huruma. Kumwachia mama yake arudi ni kubaki peke yake katika nyumba isiyokuwa na shangazi wala jirani wa kumshikia mtoto. Nduguze wasimpongeze kwa kumkalisha Mama huko, kisha wakalala. Nao wana sehemu yao. Wanaweza kuchangia gharama ya mlezi kwa miezi michache. Wanaweza kumsaidia jamaa mwingine aombe viza, kwa ukweli, baada ya Mama kurudi. Wanaweza pia kumhakikishia Mama kwamba akitaka kubaki, ng'ombe wake atakamuliwa na shamba lake halitaingiliwa. Huenda hilo la mwisho ndilo linalomkosesha usingizi.

Na wako watakaosema dawa ni kumtafutia Mama ukaazi wa kudumu. Njia hiyo ipo Marekani kwa mtoto aliyekwisha kuwa raia na kutimia miaka 21; mwenye kadi ya ukaazi pekee hawezi kumwombea mzazi. Lakini karatasi hiyo humtaka mwenyewe aishi huko. Akikaa nje mwaka mzima bila ya kibali maalumu, aweza kuupoteza ukaazi wake. Kwa mama ambaye moyo wake uko Kisian, hiyo ni kamba ndefu zaidi, lakini ni kamba. Naye pia aulizwe kabla ya kuombewa.

Sasa nimrudie mwenye barua, naye ni mwanetu. Umeuliza juu ya kusema na kunyamaza. Barua yako ina habari mbili, na kila moja ina hukumu yake.

Habari ya tarehe si siri ya mtu. Iseme leo. Mwambie mumeo aliyosikia masikio yako juu ya viza na muda wa kukaa, naye amwombe dada yake kwa adabu aisome ile I-94. Kunyamaza katika hili, ilhali unajua, ni kumwacha Mama aingie katika madhara. Mwenye kuonya kwa upole hajavunja nyumba.

Habari ya pili, ile ya alfajiri, ni amana. Mama amekuambia na amekufungia mdomo. Usimfichulie kwa wifi yako, wala kwa mumeo, ukampatia Mama aibu mbele ya binti anayelala naye nyumba moja. Rudi kwake yeye mwenyewe. Mwambie, "Mama, siku zimebaki chache, nao wanataka kupeleka ombi. Niruhusu niseme, au useme wewe nami niwe pamoja nawe." Akikuruhusu, sema kwa maneno mepesi, bila ya kulaumu. Asipokuruhusu, waombe ndugu wote wakutane kwa simu, na aliye mkubwa wao amuulize Mama mbele ya wote. Tena isiwe "Mama, utakaa?", kwani hilo atalijibu kwa ndiyo. Aulizwe, "Mama, tukate tikiti ya tarehe gani?" Apewe na usiku mmoja wa kufikiri. Pengine atasema abaki miezi mitatu mpaka mtoto atambae. Hapo ombi lipelekwe, na litakuwa ni ombi lake. Pengine ataitaja Ijumaa ya mwezi ujao. Hapo akatiwe tikiti, na binti asilie mbele yake.

Kwa wengine mnaojiandaa kumpeleka mzazi, tunausia haya. Kubalianeni siku ya kurudi kabla ya siku ya kwenda, na mzazi aitaje mwenyewe. Hakikisheni pasi yake haiishi akiwa huko. Mfungashieni dawa zake za presha au sukari za kutosha, pamoja na karatasi ya daktari, na mnunulieni bima ya muda wote. Tarehe aliyopewa mpakani iandikwe pahali anapoiona, kwa tarakimu kubwa, ajue siku zake bila ya kumuuliza mtu. Apewe simu yake na nafasi ya kuzungumza na kwao faraghani. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, zisizohesabiwa ya kufika na ya kuondoka, hatapunguza sala. Basi aonyeshwe kibla na nyakati za mji ule tangu siku ya kwanza, kwani nyakati za huko huhama sana kati ya kiangazi na baridi.

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Walio safarini warudishe kwao salama, na walio mbali na watoto wao wakutanishe nao kwa halali. Tujaalie tuwe watimizaji wa ahadi, na wenye masikio ya kusikia kile ambacho mama zetu wanaona haya kutuambia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.